Ubobezi Usio na Ithibati katika Tiba ya Maumivu: Mwanafunzi au Mfanyakazi?

Nchini Marekani, daktari aliyemaliza mafunzo ya ubingwa wa ganzi na usingizi, au ya tiba ya viungo na utengamao, akitaka kubobea katika tiba ya maumivu hukuta njia mbili ambazo kwa mbali zinafanana. Zote mbili kwa kawaida huchukua mwaka mmoja, zote humpeleka kwenye chumba chenye mashine ya eksirei inayoonyesha sindano inavyoingia mwilini, na zote humalizika kwa cheti cha kutundika ukutani. Tofauti ni kwamba njia ya kwanza imepewa ithibati na ACGME, chombo kinachosimamia mafunzo ya madaktari baada ya shahada ya udaktari, na ya pili haina ithibati hiyo. Vijana wanaokaribia kumaliza ubingwa huwauliza wakubwa wao kama inafaa kuifuata hii ya pili, na majibu wanayopewa huwa ya namna mbili: ama kwamba mafunzo yasiyo na ithibati ni mwaka uliopotea, ama kwamba ithibati ni karatasi tu ambayo mgonjwa haiulizi. Majibu yote mawili, kwa maoni yangu, yanakwepa jambo lenyewe. Ithibati inapoondolewa, kinachobadilika kwanza si ubora wa mafunzo bali hadhi ya anayefundishwa.

ACGME ilianzishwa mwaka 1981, na masharti yake kwa ubobezi wa tiba ya maumivu ni ya kina kiasi cha kuchosha. Mwaka huo ni wa miezi 12, na ndani yake daktari hawezi kujifungia katika chumba cha sindano peke yake. Atawahudumia wagonjwa wa nje wenye maumivu sugu, wagonjwa waliolazwa wenye maumivu makali baada ya upasuaji, na wenye saratani, na ataguswa na tiba shufaa, yaani huduma ya kuwapunguzia mateso wenye magonjwa mazito. Atajifunza pia kwa wataalamu wa mishipa ya fahamu, wa utengamao na wa afya ya akili, hata kama yeye mwenyewe ametoka kwenye usingizi na ganzi. Saa za kazi hazitakiwi kuzidi 80 kwa wiki kwa wastani wa wiki nne. Kila mwaka wanaofundishwa hujaza dodoso ambalo mkuu wa programu haoni nani aliandika nini, na programu inayokiuka masharti inaweza kuonywa, kuwekwa chini ya uangalizi au kunyang'anywa ithibati. Mwisho wa yote upo mtihani wa bodi, yaani chombo kinachowapa madaktari cheti cha ubingwa, ambao bodi ya ganzi na usingizi iliuanza mwaka 1993, kisha bodi za fani nyingine zikajiunga moja baada ya nyingine, zikiwemo siku hizi tiba ya dharura, tiba ya familia na radiolojia. Zamani waliokuwa wakitibu maumivu kwa miaka mingi waliruhusiwa kuufanya mtihani huo kwa uzoefu wao tu. Njia hiyo ya mpito ilikwisha kufungwa, na leo asiyepita kwenye programu yenye ithibati hawezi kuufanya.

Wanaotetea mafunzo yasiyo na ithibati si wajinga, na hoja yao inastahili kusikilizwa kabla ya kupimwa. Wanasema ustadi wa sindano unakaa mikononi, na mikono hufunzwa kwa wingi wa kazi. Katika kliniki binafsi yenye shughuli nyingi, daktari anaweza kuchoma sindano za uti wa mgongo, kuunguza mishipa midogo ya viungo vya mgongo kwa joto la mawimbi ya redio, na kupandikiza vifaa vya umeme vya kutuliza maumivu mara nyingi zaidi kuliko mwenzake wa hospitali ya chuo kikuu, ambako kila mgonjwa hugawanywa kati ya wanafunzi kadhaa. Hoja hii ina ukweli. Tena ipo historia nyuma yake, kwa sababu programu nyingi zenye ithibati zilikua ndani ya idara za ganzi na usingizi, na idara hizo kwa miaka mingi zilipendelea watu wa kwao. Daktari wa utengamao anayejua kupima misuli na mishipa kwa umeme, na kuuchunguza mgongo kwa vidole kabla ya kuagiza picha, alijikuta akishindana kwenye uwanja wa watu wengine. Ndiyo maana zilizaliwa programu za uti wa mgongo na mifupa na misuli zilizojiweka nje ya ACGME kwa makusudi, na chama cha wataalamu wa uti wa mgongo cha Amerika Kaskazini, NASS, kikaweka utaratibu wake wa kuzitambua. Baadhi ya programu hizo ni nzuri kweli, na wapo waliopita humo ambao ningempelekea ndugu yangu bila wasiwasi.

Lakini programu nzuri isiyo na ithibati ni nzuri kwa hiari ya mwenye nayo. Hapo ndipo mjadala unapopaswa kuanzia, na mara nyingi hauanzii hapo.

Tazama fedha zinavyotembea. Katika programu yenye ithibati, Medicare, ambayo ni bima ya serikali kwa wazee, huchangia gharama za mafunzo kwa kuilipa hospitali, na daktari anayefundishwa haruhusiwi kudai malipo kwa jina lake kwa kazi iliyo ndani ya mafunzo hayo. Anayedai ni mwalimu, na ili adai ni lazima awepo wakati wa sehemu muhimu ya tendo la tiba. Sheria hiyo imeandikwa kwa ajili ya kulinda hazina, lakini matokeo yake ni kumlazimisha mwalimu asimame karibu na mwanafunzi. Katika programu isiyo na ithibati, daktari yule yule tayari ana leseni na amemaliza ubingwa, kwa hiyo anaweza kuajiriwa kama mkufunzi au daktari wa kliniki, na kila mgonjwa anayemwona akadaiwa malipo ya daktari kamili. Mshahara wake, hata hivyo, mara nyingi hubaki karibu na ule wa anayesoma. Tofauti kati ya kile anachokiingizia kliniki na kile anacholipwa ndiyo ada ya mafunzo, ingawa hakuna mahali ilipoandikwa kwa jina hilo.

Sisemi kwamba mpango huo ni wizi. Mtu mzima mwenye leseni anaweza kukubali kulipwa kidogo kwa mwaka mmoja ili apate ujuzi utakaomlipa kwa miaka thelathini, na hesabu hiyo ikawa sahihi. Ninachosema ni kwamba mwenye kliniki sasa ana sababu ya kifedha ya kumwacha daktari huyo afanye peke yake kile anachokwisha kukiweza, badala ya kumfundisha kile asichokiweza. Akiwa hodari wa sindano za mgongo wa chini, atazifanya mfululizo hadi Desemba. Sindano za shingo, ambazo mwenye kliniki huzifanya mwenyewe kwa kuwa ni za hatari na zahitaji muda, atazitazama kwa mbali. Akilalamika, atamlalamikia nani? Dodoso la siri halipo, ukomo wa saa 80 haupo, na mkuu wa programu, mwajiri, na mtu atakayemwandikia barua ya mapendekezo ni mtu mmoja. Wengine hutia saini mikataba yenye kifungu kinachowazuia kufungua kliniki katika eneo lile lile baada ya mwaka kwisha, kifungu ambacho mwanafunzi hana sababu ya kuwekewa, ila mfanyakazi anayeogopwa kuwa mshindani.

Sehemu ya pili ya tatizo inahusu maumivu yenyewe kama fani, na hapa inafaa kumkumbuka John Bonica. Daktari huyu wa usingizi, aliyejisomesha kwa kupigana mieleka ya kulipwa na akabaki na maumivu ya viungo maisha yake yote, aliwatibu wanajeshi waliojeruhiwa katika Vita vya Pili vya Dunia na akagundua kwamba sindano zake za kuzima mishipa hazikutosha. Alianza kuwaita wataalamu wa fani nyingine wakae naye meza moja kumjadili mgonjwa mmoja. Wazo hilo lilizaa kliniki ya Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, na mwaka 1973 Bonica aliongoza mkutano uliozaa chama cha kimataifa cha utafiti wa maumivu, IASP. Fani hii ilianza kwa daktari wa sindano kukiri kwamba sindano peke yake haitoshi. Ni jambo la kushangaza kidogo kwamba mafunzo mengi yasiyo na ithibati yanajitangaza kwa idadi ya sindano.

Idadi hiyo ni rahisi kuhesabika, na ndiyo maana inavutia. Kisichohesabika ni uamuzi wa kutomchoma mgonjwa. Mama mwenye maumivu ya kiuno kwa miaka kumi, aliyekwisha kuchomwa mara tano bila nafuu ya kudumu, asiyelala usiku na aliyeacha kazi, hahitaji sindano ya sita. Anahitaji mtu wa kumuuliza juu ya usingizi, huzuni, dawa anazomeza na woga wake wa kujongea. Mazungumzo hayo huchukua dakika arobaini na hulipwa kidogo, wakati sindano huchukua dakika kumi na hulipwa zaidi. Programu yenye ithibati humlazimisha daktari kukaa kwenye mazungumzo hayo, apende asipende. Programu ya kliniki binafsi inaweza kumlazimisha pia, ikiwa mwenyewe ni mtu wa namna hiyo, lakini mfumo mzima wa malipo unamvuta upande mwingine.

Hatari za sindano zenyewe si za kubuni. Mwezi Aprili 2014, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba kuchoma steroidi katika nafasi inayozunguka utando wa uti wa mgongo kunaweza, kwa nadra, kusababisha kupoteza uwezo wa kuona, kiharusi, kupooza na kifo. Mojawapo ya sababu zinazojulikana ni chembechembe za baadhi ya steroidi kuingia kwenye mshipa mdogo wa damu na kuziba njia ya kwenda kwenye ubongo au uti wa mgongo, hasa shingoni. Kujikinga kunahitaji kujua ni dawa ipi isiyo na chembechembe, kuingiza rangi ya eksirei kwanza na kuitazama inavyotawanyika, na kuwa na moyo wa kuitoa sindano na kumrudisha mgonjwa nyumbani picha inapotia shaka. Daktari anaweza kufundishwa hayo popote. Ila anayefundishwa na mtu anayelipwa kwa wingi wa sindano anajifunza pia, bila kuambiwa, kwamba kuitoa sindano ni hasara.

Kisha kuna dawa za jamii ya afyuni. Baada ya mawimbi ya vifo vya dawa hizo Marekani, kituo cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilitoa mwongozo mwaka 2016, na mwaka 2022 kikaurekebisha kwa sababu baadhi ya madaktari waliutumia vibaya kwa kuwakatia wagonjwa dawa ghafla. Kumpunguzia mtu dozi aliyoizoea kwa miaka minane bila kumtesa na bila kumsukuma kwenye dawa za mtaani ni kazi ngumu kuliko sindano nyingi. Kliniki zinazojiita za sindano tu hujivunia kwamba haziandiki afyuni kabisa, na daktari aliyefundwa humo huingia sokoni akiwa hajui kazi ambayo wagonjwa wake wengi watamletea. Huo si ubobezi wa tiba ya maumivu, bali ni ubobezi wa sehemu yake yenye faida.

Watetezi watasema kwamba yote haya ni nadharia, kwani sokoni hakuna anayejali. Wana ushahidi wa kuonyesha. Medicare ina namba mbili za fani hii, 09 kwa tiba ya maumivu ya sindano na 72 kwa tiba ya maumivu kwa jumla, na daktari hujichagulia namba mwenyewe anapojiandikisha, bila kuulizwa alisomea wapi. Leseni ya jimbo haitaji fani. Vipo pia vyeti vya nje ya mfumo wa bodi kuu: bodi ya ABPM (American Board of Pain Medicine), ambayo haimo kati ya bodi 24 za ABMS, shirikisho la bodi kuu za ubingwa, na mtihani wa FIPP, cheti cha ustadi wa sindano za maumivu cha World Institute of Pain, unaofanywa tangu mwaka 2001 na wenye sehemu ya vitendo kwenye maiti. Mtihani huu wa pili ninauheshimu, kwa kuwa humtaka daktari aonyeshe mkono wake mbele ya wageni. Lakini kamati za hospitali zinazoamua nani aruhusiwe kufanya tendo gani mara nyingi huuliza kuhusu bodi ya ABMS, na waajiri wakubwa vilevile. Florida, baada ya balaa la kliniki zilizouza vidonge kama njugu, iliweka masharti ya mafunzo kwa madaktari wanaofanya kazi katika kliniki za maumivu. Na siku mgonjwa akipooza, wakili wake hatauliza daktari alichoma sindano ngapi kwa mwaka. Atamuuliza mbele ya baraza la wazee wa mahakama ni chombo gani kilichoyakagua mafunzo yake.

Kwa daktari wa ganzi na usingizi, basi, nadhani jibu ni hapana, na sasa ni hapana yenye nguvu kuliko zamani. Mishahara ya madaktari wa usingizi Marekani imepanda sana miaka ya karibuni, wengi hawaoni tena haja ya kuongeza mwaka wa masomo, na ushindani wa kuingia katika programu zenye ithibati umelegea. Zipo zaidi ya 100 nchini humo, na baadhi hubaki na nafasi baada ya mgawo wa NRMP, mpango wa kitaifa wa kuwapangia madaktari nafasi za mafunzo. Daktari anayeacha nafasi hiyo kwa sababu tu haiko katika mji anaoupenda, akaenda kwenye kliniki isiyokaguliwa na mtu, anauza haki ya kufanya mtihani kwa bei ndogo mno.

Kwa daktari wa utengamao anayetaka kutibu mgongo na viungo, wala hana nia ya kuwahudumia wenye saratani au kusimamia pampu za dawa, jibu langu si kali hivyo. Programu ya uti wa mgongo inayotambuliwa na NASS inaweza kumfaa kuliko mwaka katika idara ya usingizi isiyomtaka. Hata hivyo, aombe majina ya wote waliopita humo miaka mitano iliyopita, si wale wawili anaopewa na mwenye programu, awaulize walizuiwa nini na hospitali walikokwenda. Aulize ni nani husimama chumbani wakati wa sindano za shingo, na ni siku gani za wiki hazina sindano kabisa. Ausome mkataba pamoja na mwanasheria aliyemlipa yeye. Na ikiwa kliniki inamtegemea kwa mapato kiasi kwamba haiwezi kumpa siku moja ya kusoma, basi ameitwa kazini, na aombe mshahara wa kazi.

Wapo pia madaktari wa kwetu wanaoangalia njia hii kutoka Nairobi, Dar es Salaam au Kampala, au ambao tayari wako ng'ambo. Kwao hesabu ni nyingine. Aliyesomea ubingwa nje ya Marekani anaweza kuona programu isiyo na ithibati kuwa ndiyo pekee itakayompokea, lakini mwaka huo kwa kawaida hauhesabiki katika miaka ya mafunzo ambayo majimbo humtaka daktari wa kigeni awe nayo ili apate leseni kamili. Akirudi nyumbani, Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya au Baraza la Madaktari Tanganyika litataka vyeti kabla ya kumwandikisha kwa ubobezi wowote, na barua kutoka kliniki ya mtu binafsi ni ushahidi dhaifu mbele ya kamati. Ni busara kuliandikia baraza kabla ya kupanda ndege, si baada ya kushuka.

Lakini kwa huyu anayerudi, kikwazo kikubwa kuliko cheti ni kwamba mwaka wa vifaa vya kupandikizwa unamfundisha kutibu wagonjwa ambao hospitali ya kwao haiwezi kuwalipia. Kamisheni ya jarida la The Lancet ilionyesha mwaka 2017 kwamba kati ya takriban tani 300 za dawa za jamii ya mofini zinazosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa hupata kilo 100 hivi. Uganda ilikabiliana na pengo hilo kwa namna yake. Hospice Africa Uganda ilianza mwaka 1993, na tangu mwaka 2004 sheria inawaruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliosomea tiba shufaa kuandika mofini ya kunywa. Mafunzo yao hayatambuliwi na ACGME wala hayahitaji kutambuliwa, kwa sababu dola ya Uganda yenyewe iliyakagua, ikayaweka kwenye sheria, na ikawapa wahitimu mamlaka ya kufanya walichofundishwa. Daktari wa Afrika Mashariki anayechagua pa kwenda angepata mengi zaidi kwa miezi michache Kampala kuliko anavyodhani, na wenye programu za Florida hawatamwambia hivyo.

Waliokwisha kuumaliza mwaka usio na ithibati wana njia moja inayobaki wazi: wanaweza kuomba tena programu yenye ithibati na kusoma mwaka mwingine mzima, kwa kuwa bodi haitawapunguzia hata mwezi mmoja. Wachache huifuata, kwani wakati huo wana mikopo ya chuo, watoto, na mshahara wa bingwa waliokwisha kuuzoea.